Ng'ombe wa Kimeta Hawahiwi Kisu

Kidonda kinachouma hakijawahi kunitisha. Kinachouma humpeleka mwenyewe hospitali hata awe mbishi namna gani. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mifugo huku Mbarali na kule Iringa, wenye vyeti na wasio na vyeti, ili mjifunze kuogopa kile kisichouma. Mimi ni Mzee Kikoti, Mhehe wa Kilolo. Shule niliishia darasa la nne, na kila nilichokijua baada ya hapo nilikitafuta mwenyewe, kwa hiyo sina aibu nacho. Nimestaafu, miguu haitaki tena kufukuza ng'ombe, lakini kichwa kiko sawa. Mwenye haraka aishie hapa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye maabara ndogo ya mifugo pale Iringa mjini, kuosha chupa na vile vioo vyembamba vya kutandazia damu. Aliyetutawala alikuwa Mama Veneranda, fundi wa maabara, mwanamke mfupi aliyekwenda misa ya asubuhi kila siku na kurudi na hasira mpya. Siku za mwanzo nilikuwa nikimwona ameinamia hadubini nauliza, "Mama, umewaona wadudu?" Alivumilia kwa muda, kisha akanikalisha kwenye kigoda.

"Kikoti, wewe kwenu Kilolo ukiulizwa ni nani, unajibu 'mtu' halafu unanyamaza?"

Nikasema hapana, nataja jina, nataja ukoo, nataja na alikotoka mama yangu.

"Basi na hawa wana ukoo. Wadudu ni kupe na viroboto. Hawa ni bakteria. Nikisikia tena wadudu, utaosha na sakafu."

Sakafu nilikuwa naosha tayari, lakini nilimwelewa.

Ukoo alionifundisha kwa bidii kuliko koo zote ni ule ninaouita mpaka leo ukoo wa mbegu ngumu. Vitabu vyenu vina majina yake ya Kilatini, na ni vizuri myajue, ila mimi nitawaeleza kama nilivyoelezwa. Ukichungulia kwenye hadubini utaona bakteria wengine ni mviringo kama punje za mtama, wengine wamejipinda kama skrubu, wengine wamenyooka kama fimbo. Hawa wa kwetu ni fimbo. Halafu unawapaka rangi: unamwaga ya zambarau, unafuatisha iodini, unasuuza kwa spiriti, mwisho unapaka nyekundu. Mwenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau, spiriti haimwezi. Mwenye ukuta mwembamba huvuliwa zambarau yote, akabaki kuvaa nyekundu. Hawa wa kwetu ni zambarau.

Fimbo za zambarau ni nyingi, na nyingine hazina ubaya na mtu. Alama ya ukoo huu iko ndani. Maisha yakiwa magumu, chakula kimekwisha au jua limekausha, fimbo hujitengenezea mbegu moja yenye ganda gumu. Yenyewe inakufa, mbegu inabaki. Mbegu hiyo haili, hainywi, haizai. Inangoja. Inaweza kungoja udongoni kuliko umri wa mtu, mpaka siku imwingie ng'ombe, ipate joto na damu, ichipue. Ukiichemsha kama unavyochemsha maji ya chai, unajichosha. Kwa ajili yake tulikuwa na sufuria kubwa ya mvuke wa shinikizo, na Mama Veneranda hakumruhusu mtu hata kuifuta vumbi.

Spiriti nayo ina adabu yake. Ni kuimwaga na kuisuuza upesi. Ukiizidisha, hata mwenye ukuta mnene huvuliwa. Mimi siku moja nilizidisha kwa sababu nilikuwa nabishana mpira na mlinzi kupitia dirishani, nikamwita Mama kwa mbwembwe nikimwambia kuna bakteria mpya hapa, mwekundu. Alitazama, akaniuliza ni timu gani mbili mlikuwa mnabishania. Nikamtajia. Akasema mshindi ni spiriti, rudia vioo vyote. Nilirudia, na vidole vyangu vikawa zambarau wiki nzima. Jumapili yake kanisani kwetu, Kilutheri, mzee wa kanisa akaniuliza kwa sauti ya chini nimepiga kura mara ngapi.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lenye kisa. Ukoo wa mbegu ngumu una nyumba mbili, na ukuta unaozitenga ni hewa.

Nyumba ya kwanza inapenda hewa. Mkubwa wao ni kimeta. Ana ndugu wengi wapole wanaokaa kwenye udongo bila kumsumbua mtu, na ana ndugu mmoja mchokozi anayependa wali. Nyinyi walima mpunga wa Ubaruku mnaopika sufuria kubwa siku ya kuvuna, mkaiacha jikoni imefunikwa ina uvuguvugu mpaka kesho, halafu mkaamka na kutapika, msimtafute mchawi kwa jirani. Mbegu zake hustahimili kupikwa, zikachipua kwenye uvuguvugu, zikaacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Huyo wa wali anaogelea. Kimeta hatembei kabisa, na akiwa ndani ya damu huvaa koti. Ukimpaka rangi ya bluu kwenye damu ya mnyama aliyekufa, fimbo zinaonekana bluu na koti la waridi kuzunguka, zimejipanga mlolongo, ncha zimekatwa butu. Mama Veneranda aliziita mianzi. Kila mtu Iringa anajua mwanzi wa pombe ya ulanzi ulivyo, pingili kwa pingili. "Ukiona mianzi kwenye damu," alisema, "weka kioo chini polepole, nawa mikono, ndipo upige kelele."

Nyumba ya pili inachukia hewa. Humo yumo chambavu, anayeua ndama. Yumo pepopunda. Yumo na yule wa makopo yaliyovimba, ambaye sumu yake humlegeza mtu mpaka anashindwa kuvuta pumzi. Pepopunda ukimwona kwenye kioo ni kama kijiti cha kupigia ngoma, maana mbegu yake inakaa ncha moja na kuivimbisha. Watu husema pepopunda anatokana na kutu ya msumari. Kutu haina kosa. Anakaa kwenye udongo na samadi, na msumari unamsukuma ndani sana ambako hewa haifiki, akajiona yuko kwao. Kwa hiyo ukimhasi beberu, safisha kisu hata kama kinang'aa. Na kitovu cha mtoto mchanga hakipakwi kinyesi cha ng'ombe, hata bibi akikasirika. Acha akasirike, atapoa.

Nilikaa Iringa mpaka nikajua kupaka rangi nikiwa nusu usingizi, kisha nikahamishiwa Usangu, huku Mbarali, kazi ya josho na chanjo. Wenzangu walinipa pole. Usangu joto, mbu, vumbi, na wafugaji waliokuja kutoka kaskazini na makundi yao. Mimi nilipapenda. Msukuma anamjua ng'ombe wake mmoja mmoja, na ukimdanganya kuhusu ng'ombe anakujua papo hapo. Ndiko nilikokutana na Mzee Masunga, aliyekuwa na boma lake upande wa nje wa Ubaruku, ng'ombe kiasi, mashamba ya mpunga kiasi, na watu wengi wa kula. Yeye alinitania Uhehe wangu, mimi nikamtania Usukuma wake, tukawa tunakunywa chai pamoja kila nikipita.

Sasa kuna desturi lazima niieleze, kwa asiyeijua. Ng'ombe akiugua na ikaonekana hatapona, mwenyewe humwahi kwa kisu kabla hajakata roho. Akifa mwenyewe ni kibudu, watu wanakwepa. Akiwahiwa ni nyama kama nyama nyingine. Majirani huja na beseni, kila mmoja anachukua fungu, na baadaye kila mmoja anamsaidia mwenye ng'ombe anavyoweza, huyu debe la mpunga, yule siku ya kulima. Ni njia ya kumpa mtu pole bila kumfanya ombaomba. Ni desturi ya upendo, siitukani. Lakini kimeta anaipenda kuliko sisi.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, majani yameisha, ng'ombe wanang'oa mizizi na kulamba ardhi. Masunga alinipigia simu asubuhi akaniambia nije na dawa ya chambavu, maksai wake wa pili ameanguka. Nikauliza wa kwanza je. Akasema wa kwanza siku chache nyuma, walimwahi. Hao maksai walikuwa jozi yake ya kulimia majaruba ya mpunga, na mvua ilikuwa inakaribia. Nikapanda baiskeli. Njiani nikampigia Tusa, afisa mifugo wetu, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa ametoka chuo si zamani, nikamwambia aje na boksi lake la sampuli. Aliuliza kuna nini. Nikamwambia sijui bado, ndiyo maana namwita.

Nilikuta majirani wamekwisha kufika, kila mmoja na beseni lake. Maksai alikuwa amesimama tena lakini anatetemeka, kichwa chini, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na puani damu iliyochanganyika na povu. Masunga alikuwa ananoa kisu. Mwanae Jilala, kijana mwenye mabega ya kulima, ameshika kamba. Mkono wake mmoja, chini ya kiwiko, ulikuwa umefungwa kitambaa.

Nikasalimia kwa Kisukuma changu kibovu, wakacheka kidogo, nikamwuliza Jilala mkono umefanyaje.

"Kipele tu, baba. Kiliwasha, sasa hata hakiwashi."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kingeuma ningeshakwenda zahanati."

Nikamwambia afungue. Alifungua. Katikati kulikuwa na gamba jeusi, jeusi kama kaa la mkaa, limezama kidogo, limezungukwa na malengelenge madogo madogo, na mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Nikaligusa pembeni kwa kijiti. Hakushtuka hata kidogo. Nikamwuliza nani alimchuna maksai wa kwanza. Akasema yeye.

Vijana, hapo nikamshuku kimeta. Kimeta akiingia kwenye mkwaruzo wa ngozi ya mtu huacha gamba jeusi lisilouma, mtu akaendelea na shughuli zake, na sumu ikaendelea na zake. Wengi hupona wakipata dawa mapema. Anayengoja kiume, kimeta anaweza kumwingia kwenye damu, na huko mambo ni mengine. Kijana alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu, ameshika kamba ya ng'ombe wa pili, na baba yake anajaribu makali ya kisu kwenye ukucha.

Nikasema kisu kiwekwe chini.

Masunga hakukiweka. Alinijibu kwa utulivu kwamba hii ni chambavu, baba yake alikula nyama ya chambavu kule kaskazini, babu yake naye alikula, na wote walikufa kwa uzee. Kwa hilo la kula siwezi kumwita mwongo. Chambavu huyu wa ng'ombe hana mazoea na mtu. Sisemi mle, nasema tabia yake ndiyo hiyo. Ndiyo maana kutofautisha ndugu hawa si habari ya mtihani tu. Mmoja ukimkosea jina unapoteza nyama. Mwingine ukimkosea jina unapoteza mtoto.

Jirani mmoja akasema huyu Mhehe nyama ya ng'ombe anaiogopa, ingekuwa mbwa angeshaomba chumvi. Watu wakacheka, maana Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Na mimi nilicheka, maana kicheko kinachelewesha kisu. Nikawaambia wa mbwa nitakula mwenyewe nyumbani, wa leo tumwangalie kwanza.

Nikamsogelea maksai, nikabonyeza paja, nikabonyeza bega, nikabonyeza mgongo. Nikamwambia Masunga abonyeze na yeye, lakini kwa mpini wa fimbo. Chambavu akiingia kwenye msuli anatengeneza gesi. Ukibonyeza pale palipovimba unasikia kuchakacha chini ya ngozi, kama umekanyaga majani makavu, na mnyama huwa anachechemea mguu huo. Hapa hakukuwa na uvimbe wa mguu, wala mchakacho. Tena chambavu anapenda ndama mnene aliyeshiba, si maksai mzee aliyekwisha ota sugu ya nira.

"Na ya chambavu alichanjwa," nikamwambia. "Nilimchoma kwa mkono wangu huu, yeye na mwenzake."

"Basi chanjo yako ni maji," Masunga akasema.

Hilo lilinichoma, nakiri, kwa sababu chanjo ile niliibeba kwenye barafu kutoka mbali. Lakini papo hapo maksai alipiga magoti. Masunga alikwenda kwa hatua ndefu na kisu chake. Nikasimama kati yake na shingo ya ng'ombe. Sikumshika, mtu mwenye kisu hashikwi. Nilisimama tu.

Nikamwambia, sauti ya kawaida, kwamba aliye ndani ya damu hii anahitaji hewa ili atengeneze mbegu. Ng'ombe akifa amefungwa ngozi yake, uozo unamla humo humo, na mbegu nyingi hazitengenezwi. Ukimfungua, unampa hewa yote aliyokuwa anaikosa. Kisu chako ndicho kinachompandia.

"Kikoti, ondoka. Anakufa."

"Najua anakufa."

"Atakuwa kibudu."

"Awe."

Maksai akalala ubavu, akapiga miguu, akatulia. Damu ilitoka puani na nyuma, nyeusi, nyembamba, na haikuganda. Wenye mabeseni waliyashusha. Masunga alimtazama ng'ombe wake, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakukuwa na utani machoni.

"Wa kwanza ameuliwa na ugonjwa," akasema. "Huyu umeniulia wewe."

Tusa alifika wakati huo kwa bodaboda, boksi mapajani. Sikumweleza mengi. Aliangalia damu, akavaa glavu, akavaa barakoa, akawasogeza watu mbali bila kupiga kelele. Nilimpenda kwa hilo. Zamani tulikata sikio zima, tukalifunga tukalipeleka maabara, na njiani linadondosha damu kwenye basi la watu. Yeye alichoma mshipa wa sikio kwa sindano, akachukua tone, akatandaza kwenye kioo, akaziba tundu kwa pamba yenye dawa, akamaliza. Mnyama hakufunguliwa hata upana wa kucha. Hiyo ni njia yenu na ni nzuri kuliko yetu.

Hadubini ilikuwa Rujewa, makao ya wilaya. Bodaboda ilikuwa moja. Nikamwambia Jilala apande nyuma ya Tusa, aende hospitali. Jilala akamtazama baba yake. Masunga akasema kijana haendi popote kwa kipele, kuna jaruba la kutengeneza, na mimi nimekwisha mtia hasara ya kutosha. Jilala akaanza kufunga tena kitambaa chake.

Sasa hapo maneno ya vitabu hayasaidii. Nimeona wasomi na wasiosoma wakishindwa mahali hapo hapo, kwa kumtisha mzazi mbele ya majirani zake. Nilimwita Masunga pembeni, tukakaa chini kwa kuchuchumaa, nikamwekea masharti yangu.

"Niachie kijana aende na kioo. Mimi nabaki hapa, nakaa na ng'ombe. Tusa akipiga simu akasema si kimeta, unafungua mbele yangu, na ini la kwanza nakula mimi. Bila chumvi."

Akaniuliza, "Utakula kibudu, Mlutheri wewe?"

"Nitakula."

Akainuka, akamwendea Jilala, akamwambia panda.

Nilikaa na yule maksai tangu saa hiyo mpaka jua limepinda. Kazi ya kukaa na mzoga ni kazi, msiidharau. Mbwa wanakuja, kunguru wanakuja, mbuzi wanakuja kulamba. Tulimfunika kwa miiba na turubai. Masunga alikaa mbali kidogo kwenye kigoda, hanisemeshi, lakini mkewe aliniletea uji, na sikuona akikatazwa. Majirani wengine waliondoka, wengine walikaa kungoja kuniona nikila ini.

Simu ikaita. Niliiweka sauti kubwa, Masunga asikie mwenyewe, asije akasema nimetafsiri.

Tusa hakusalimia. Nilikuwa nimewahi kumsimulia habari za Mama Veneranda, kumbe alishika.

"Mzee," akasema, "ni mianzi."

Nikauliza kijana. Akasema daktari amemwona, amemlaza, dawa imeanza, na daktari anataka kila mtu aliyeshika au kula nyama ya maksai wa kwanza afike leo leo, hata kama anajisikia mzima.

Masunga alisimama. Nilidhani anakuja kwangu. Alipita, akaenda kwa wale majirani waliobaki, na nilimsikia akiwaambia kwa Kisukuma, na mmoja akanitafsiria: nyama niliyowapa ilikuwa mbaya, iliyobaki msile, msiwape mbwa, ileteni hapa ichomwe, na nyinyi nendeni hospitali. Kisha akavaa viatu akaenda boma kwa boma kwa wale walioondoka, yeye mwenyewe, mzee wa kaya, kuwaambia watu waliompa pole kwamba alichowapa ni ugonjwa. Alikataa nimsindikize. Mmoja wa waliokula alikuwa tayari anaumwa tumbo na kutapika, akifikiri ni kiporo. Alipelekwa, akapona. Wote walipona. Siwafichi kwamba ingeweza kuwa vingine.

Maksai tulimchoma kesho yake kwa magogo na pumba za mpunga, gunia kwa gunia kutoka mashineni, mpaka mifupa ikawa nyeupe, tukafukia kwenda chini sana. Ng'ombe waliobaki walichanjwa. Hapa nawakumbusha: chanjo ya kimeta ni kimeta hai aliyevuliwa koti. Ukimchanja ng'ombe na kumpiga dawa ya kuua bakteria siku ile ile, dawa inaiua chanjo, umefanya kazi bure. Masunga alisimama pembeni akihesabu sindano zangu. Nilipomaliza akasema natumaini haya nayo si maji. Nikajua tumerudiana.

Jilala alikaa hospitali mpaka uvimbe ukashuka. Gamba lilidondoka lenyewe taratibu, likaacha kovu la mviringo, limezama, ngozi inang'aa. Jaruba la mwaka ule walilimiwa na majirani wale wale wa mabeseni, na Masunga hakuwaomba.

Lakini lilibaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Maksai wa pili tulimweza, alikufa amefungwa. Wa kwanza aliwahiwa kisu, damu yake ikamwagika pale nje ya boma, ikanywewa na udongo. Tuliuchoma udongo wa juu, tukauchimba, tukaufukia. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ameziokota mbegu zote. Kwa hiyo tulipanda ua wa minyara kuzunguka, tukaacha pale pawe pori. Masunga amekwisha kufariki, kwa uzee, kama baba yake na babu yake. Mimi nimezeeka. Mbegu za mle hazijazeeka.

Juzi nilikwenda kumsalimu Jilala. Tukiwa tunakunywa chai tukasikia pawatila, trekta dogo la mkono, inaunguruma upande wa minyara. Alikuwa kijana aliyekodi shamba la jirani, mchapakazi, anataka kunyoosha mpaka wake. Alikuwa amekwisha fyeka minyara kadhaa. Tulimfikia akiwa anageuza mashine kuelekea ndani.

Nikaanza kumweleza. Nilianzia kwenye fimbo na zambarau, nilipofika kwenye mbegu akanikatiza kwa heshima zote.

"Babu, ng'ombe mwenyewe alikufa sijazaliwa. Hao vijidudu si wameshakufa?"

Nikavuta pumzi nianze upya. Jilala akanigusa bega ninyamaze. Alimsogelea yule kijana, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akamwonyesha lile kovu.

"Kidonda hiki cha ng'ombe yule," akasema, "hakikuuma."

Kijana alilitazama kovu. Akazima pawatila. Akauliza mwisho wa eneo lenyewe ni wapi hasa. Jilala akamshika mkono, wakazunguka nje ya minyara hatua kwa hatua, akimwonyesha huku mwisho, huku mwisho, na pale palipofyekwa wakasimama kupanga vipandikizi vipya. Mkono wa shati hakuushusha mpaka walipomaliza kuzunguka.